Damu Haiachwi Ugenini

Kila simu iliyomwita kwa Kiingereza, jirani yangu alivuka nayo korido na kunikabidhi ikiwa bado inalia. Nikiwa napika, nikiwa nakunja msala, nikiwa nimejifunga kanga moja natoka kuoga, ataingia, atanyoosha mkono, atasema, "Mama Tanzania, bananiita." Nakunja uso, naipokea. Mara ni shule, mara ni watu wa umeme, mara ni kliniki. Nikimaliza namwambia, "Mimi si mkalimani wa jengo hili, unasikia? Nina kazi zangu." Anacheka, anarudi kwake, na baada ya muda binti yake anabisha hodi na sahani ya sombe, kisamvu cha kwao, iliyofunikwa. Sombe ile ndiyo iliyoniponza. Ukishakula sombe ya mwenzio huna tena ubavu wa kumnunia.

Tulikaa mlango kwa mlango mjini Columbus, upande wa Northland, nyuma kidogo ya Morse Road, ambako ukitaka unga wa muhogo au dagaa huna haja ya kupanda basi. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji. Bibi yangu mzaa mama alitoka ng'ambo, Kongo, kwa hiyo Kiswahili cha jirani yangu hakikunipa tabu, ingawa nilipenda kumtania kwamba ngeli zake alizisahau kambini. Yeye ni wa Uvira. Alikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu hadi akaolewa humo humo, kisha wakaletwa Louisville, kule Highview, na walihamia Columbus kwa sababu mume wake alipata kazi ya ghala yenye shifti ya mchana.

Ndugu yake wa pekee nchi hii alikuwa dada yake mkubwa, na huyo alipelekwa Buffalo. Aliishi Buffalo lakini alitawala Columbus. Asubuhi anapiga kuuliza watoto wamekula nini, jioni anapiga kuuliza kwa nini wamekula hicho. Simu inasimamishwa juu ya kabati la jikoni, na sura ya dada inabaki pale inaangalia sufuria kama mkaguzi. Mimi na dada huyo hatukupatana tangu siku ya kwanza. Aliuliza, nikiwa nimekaa palepale, "Ule mama mwenye kinywa kubwa ni nani?"

Jirani yangu alipopata mimba hii ya mwisho, simu za kliniki ziliongezeka, na manung'uniko yangu nayo. Siku moja tulikuwa chini kwenye chumba cha mashine za kufulia, tumekaa juu ya ndoo tukisubiri nguo zikauke, akanisimulia habari ya Louisville. Mtoto aliyemtangulia huyu alizaliwa kule.

"Nilizaa muzuri," alisema. "Nesi akabeba bintu byote ndani ya beseni, akaenda nabyo. Alikuwa anacheka, hata alinipungia mukono. Mi najaribu kumuambia anirudishie, sina maneno. Donc basi nikalala pale najua sehemu yangu moja inaenda na bichafu ya bantu."

Mtoto yule aliugua kifua karibu mwaka mzima, na maziwa yake yeye yalikauka mapema. Dada wa Buffalo hakuhitaji daktari kumweleza sababu. Mzazi ameacha damu yake na kondo lake kwa wageni, alitegemea nini?

Nilimwelewa kuliko nilivyotaka kuonyesha. Bibi yangu naye aliamini hivyo hivyo, kwamba damu ya uzazi haiachwi ugenini. Kondo hufukiwa na watu wa nyumba, na nguo za mzazi hufuliwa na mtu wa ukoo, wala hazianikwi mbele za watu. Lakini mimi na utani wangu nikamuuliza, "Sasa hapa Columbus utalifukia wapi, kwenye maegesho ya magari?" Alicheka, mashine ikalia, tukasimama kukunja nguo. Nilidhani yameisha.

Mtoto alikuja asubuhi moja mwezi wa nne, kwa haraka, kama wafanyavyo watoto wa mama aliyezoea. Mume wake alimpeleka. Mimi nilikuwa kazini Whitehall, ambako natunza wazee wawili, mke na mume, wanaogombana siku nzima kuhusu dirisha. Nilipata ujumbe: mtoto wa kike, mama mzima. Nilishangilia hadi mzee wa kiume akauliza kama tumeshinda kitu. Shifti ilipoisha nilipita nyumbani, nikapika uji wa pilipili manga, nikaujaza kwenye chupa ya chai, nikaenda hospitali.

Nilimkuta peke yake na mtoto. Mume alikuwa amekwenda kuwachukua wale wengine shuleni. Alikuwa amekaa nusu kitandani, kilemba kimefungwa vizuri, shuka limevutwa mpaka kidevuni, na simu imeegemezwa kwenye mto na dada wa Buffalo yumo ndani. Nilimsalimu dada, akanijibu kama anayelipa kodi. Mtoto alikuwa kwenye kijitanda chake cha plastiki, amefungwa kama andazi, ana nywele nyingi na hasira usoni. Nikampenda hapo hapo, hasa kwa zile hasira.

Muuguzi akaingia. Alikuwa binti wa kizungu mwenye nywele nyekundu na viatu vilivyochoka, mtu wa huruma, na nasema hivyo mapema ili asije akaonewa na msomaji. Alikuwa akisukuma tableti iliyofungwa juu ya mti wenye magurudumu. Ndani ya tableti alikuwa mkalimani, mwanamume wa makamo aliyevaa tai, na nyuma yake pazia.

"Wewe ni ndugu yake?" muuguzi aliniuliza.

"Hapana," nikasema. "Jirani tu."

Akatabasamu, akaniambia basi mkalimani ndiye atakayesema, ndio utaratibu wao. Nilijisikia nimetuliwa mzigo. Nikakaa kwenye kiti, nikatafuta kikombe cha uji.

Yule mkalimani alikuwa na Kiswahili safi kama cha taarifa ya habari. Alimwamkia, akampongeza, kisha kazi ikaanza. "Mama, muuguzi anauliza, je, unatokwa na damu nyingi ukeni, au ni kidogo?"

Niliona shuka likipanda kutoka kidevuni hadi puani. Neno lile, kutoka kwa mwanamume aliyevaa tai, mbele ya mtoto mchanga! Mkalimani hakukosea, ndivyo daktari yeyote angesema, lakini jirani yangu alitazama ukutani mpaka nikadhani hatajibu kabisa.

"Kidogo," alisema chini ya shuka.

"Umebadilisha pedi?"

"Niko bien."

"Unasikia kizunguzungu, mama?"

"Aksanti. Niko bien."

Mkalimani akatafsiri kwamba mama anasema anaendelea vizuri na anashukuru. Muuguzi akambonyeza tumbo, akatazama pedi aliyovaa, ikawa safi, akaandika. Akapima presha, akasema imeshuka kidogo lakini mtu aliyetoka kuzaa ana haki ya kuchoka. Akamuuliza kama ana swali lolote. Jirani yangu akatikisa kichwa, na tableti ikaondoka na magurudumu yake.

Tulipobaki wenyewe nilianza kumchangamsha. Nikamwigiza mwenye tai. Nikamsimulia wazee wangu na dirisha lao. Yeye akapiga miayo. Nikaendelea, akapiga mwingine, mrefu, mdomo wote wazi, na mwingine tena kabla ule haujafungwa. Mimi ni mtu wa kununa upesi, nikamwambia, "Kama nakuchosha sema, niondoke na uji wangu." Akatabasamu kwa shida. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu, nami nikajiambia ni taa za hospitali, maana zile taa hata bibi harusi zingemfanya mgonjwa.

"Mama Tanzania," alisema, "kuna kintu nakuomba."

Akaingiza mkono chini ya kitanda upande wa ukutani, akavuta mfuko. Ulikuwa ule mfuko wa mchele wa basmati, wa kitambaa kigumu chenye zipu na mishikio, ambao hakuna Mwafrika mjini hapa anayeutupa. Zipu ilikuwa imefungwa, na juu yake amezungusha kitambaa.

"Upeleke kwangu. Uweke chini ya kitanda yangu. Usifungue, usiambie muntu, hata bwana yangu. Yaya atakuja kutoka Buffalo, yeye njo atajua." Yaya ndivyo alivyomwita dada yake.

"Ni yule jirani tu unampa?" dada aliuliza kutoka kwenye mto.

"Niko na nani mwingine?" akamjibu.

Nikajua kilichomo bila kuambiwa. Alikuja na pedi zake kutoka nyumbani. Kila alipokwenda chooni alibadilisha mwenyewe, akazificha, akavaa nyingine safi ili muuguzi akija aone usafi. Kondo walishalichukua, safari hii pia, lakini damu iliyotoka baadaye aliikamata yote. Nilimwonea huruma, na nilimheshimu pia. Mtu amezaa asubuhi, halafu amefanya kazi ile ya siri kutwa nzima, bila kutoa sauti.

Nikanyanyua mfuko. Nikaushusha, nikaunyanyua tena kwa mikono miwili. Ulikuwa mzito kana kwamba mchele bado umo.

Nilimbusu mtoto kwenye paji, nikatoka nao, nikapita mbele ya wauguzi nikijifanya nabeba mchele. Nilifika kwenye lifti. Watu walikuwa humo na maua na maputo. Mlango ukafunguka chini, wakatoka, mimi nikabaki. Mkono ulikuwa umeanza kuuma kwa uzito, na nikawa naikumbuka ile miayo. Bibi yangu alikuwa na dada yake aliyefia uzazi. Alikuwa akituambia kwamba yule hakulia wala hakulalamika, alipiga miayo tu, watu wakadhani ana usingizi, wakamwacha alale.

Nilibonyeza namba ya juu. Niliogopa, nasema kweli. Niliogopa kifo chake, na niliogopa pia macho yake nikirudi na ule mfuko. Siri ya mzazi si kitu cha kuchezea. Kuna watu hawasemeshani mpaka leo huko kwetu kwa mambo madogo kuliko hayo.

Aliponiona mlangoni alijua. "Hapana," akasema.

"Mdogo wangu," nikamwambia, na sikuwahi kumwita hivyo, "damu hii ni nyingi. Lazima nimwambie muuguzi."

"Umefungua?"

"Sijafungua. Nimebeba. Inatosha."

Dada wa Buffalo akalipuka ndani ya simu. "Usibaonyeshe bazungu ile kintu! Batatupa! Batatupa sawa ya Louisville, na huyu mutoto naye atagonjwa, wewe utakuwa wapi? Utakuwa kwako unakula!"

Hapo hasira zangu zote zilipata mlango. Nilisogeza uso kwenye simu. "Dada, nakuheshimu, lakini wewe uko Buffalo. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Ungekuwa hapa ungemwona mdomo wake. Huyu anakufa kistaarabu mbele yako na wewe unalinda mfuko!"

Nilijuta neno "anakufa" mara lilipotoka, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Nikamgeukia mwenyewe, nikajaribu kwa upole, lugha nisiyoimudu sana. "Mficha uchi hazai. Unaijua hiyo?"

"Mimi nimeshazaa," alisema polepole, macho yamefumba. "Sasa njo wakati ya kuficha."

Nilicheka na kulia kwa pamoja. Nikapiga magoti pembeni ya kitanda ili nisimsemeshe kutoka juu. "Nisikilize. Mfuko hautatupwa. Mimi mwenyewe nitaushika. Wakitaka kuupima, nitauweka kwenye mizani kwa mkono wangu na kuutoa kwa mkono wangu. Wakitaka kuutupa, watanitupa nao. Lakini nipe ruhusa, maana usiponipa nitasema hivyo hivyo, halafu utanichukia, nami sitaki unichukie."

Alifumbua macho, akautazama mfuko. Kisha akanyoosha mkono, akaishika simu, akaigeuza kifudifudi juu ya mto, dada akiwa bado humo. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akifanya hivyo.

"Muambie," akasema. "Lakini wewe njo ubebe."

Nilikwenda korido nikamwita muuguzi kwa sauti ambayo nilionywa baadaye. Alikuja mbio, akatazama mfuko, akanitazama mimi. Nilimweleza kwa maneno machache: hizi ni zote tangu asubuhi, alizificha, kwetu damu hii haiachwi kwa wageni, na mwanamume wa kwenye tableti hawezi kuambiwa habari hizi. Sikujua atanijibu nini. Aliweka mkono mdomoni, akasema, "Masikini," kwa Kiingereza chao, kisha akaniuliza tena, sijui kwa mazoea au kwa nini, "Wewe ni nani wake?"

"Dada yake," nikasema.

Hakunikumbusha nilichomwambia mwanzo. Alinipeleka kwenye mizani. Kumbe wao damu huijua kwa uzito, pedi hupimwa, na zile chache walizompa wao zilikuwa zimepimwa na kuonekana hazina neno. Niliuweka mfuko kwa mkono wangu kama nilivyoahidi. Alitazama namba, akanawa uso kwa kiganja kikavu, akabonyeza kitu ukutani.

Chumba kilijaa watu. Mmoja alimkandamiza tumbo kwa ngumi mpaka nikageuza uso, mwingine alitafuta mshipa, mwingine akamtoa mtoto pembeni. Jirani yangu hakutoa hata mguno. Wakamwuliza maumivu ni kiasi gani, na mimi nikawajibu bila kuulizwa, "Msimwulize hilo, hatawaambia, mtazameni vidole." Alikuwa ameshika chuma cha kitanda mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Katikati ya vurugu zile muuguzi wetu, mkono mmoja ukiwa kazini, aliivuta tableti kwa mkono mwingine na kuagiza mkalimani mwanamke. Akaja mama mmoja mtu mzima, Mrundi kwa lafudhi yake. Hakutumia neno lolote la kitabuni. "Mama, pole sana," alisema. "Sisi wote hapa ni wanawake sasa. Sema." Na yeye akasema. Nilimsikia akieleza tangu asubuhi, kwa Kiswahili chake cha Uvira, bila kupumzika, kama mtu aliyekuwa amezuiwa kwa muda mrefu mlangoni.

Mimi nilisimama ukutani na mfuko wangu wa mchele. Nilimsomea kila sura ninayoijua, na nilipomaliza nikaanza upya.

Damu ilikatika. Walisema kuna kipande cha kondo kilibaki ndani, wakakitoa. Lakini aliyokuwa amepoteza ilikuwa nyingi, ikabidi aongezewe. Waliporuhusu nikae naye tena, jioni jua likiwa bado dirishani, mfuko mdogo mwekundu ulikuwa unaning'inia juu ya kichwa chake, na tone baada ya tone lilikuwa linashuka mkononi mwake. Aliutazama kwa makini sana.

"Hii ni ya nani?" akaniuliza.

"Ya mtu tu. Watu wa hapa hutoa, inawekwa, anayehitaji anapewa."

"Mwanaume ao mwanamuke?"

"Haijulikani."

"Banamurudishia?"

"Hapana. Alitoa, akaenda zake."

Akafikiri. Rangi ilikuwa imeanza kumrudi midomoni, niliiona ikija, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa na pa kuiweka.

"Aliiacha kwa bantu hajue," akasema.

"Ndiyo."

"Mama yake anajua?"

"Sidhani," nikamwambia.

Akarudi kuutazama ule mfuko mwekundu mpaka mume wake alipoingia na watoto, wote wanaongea Kiingereza kwa mpigo.

Kabla sijaondoka muuguzi mwenye nywele nyekundu alinifuata. Alitaka kujua kuhusu kile kitu cha pili, lile kondo. Kumbe lilikuwa bado kwenye friji yao. Kumbe mzazi akiomba, wao humpa, aende nalo kwake akafanye anachofanya. Kuna kinamama wa hapahapa huliomba. "Angeuliza tu," alisema, na mara akajisikia vibaya, maana alisikia mwenyewe alichosema. Kutwa nzima mama yule ameulizwa maswali kwa Kiswahili fasaha, na hakuna aliyewahi kumwuliza unataka kuondoka na nini. Sikumlaumu. Mimi niliyekuwa namcheka kwenye chumba cha kufulia nisingemlaumu mtu. Alituletea kondo ndani ya chombo cheupe chenye mfuniko, na mfuko wetu wa mchele akauvisha plastiki mbili, akakunja uso alipokuwa anafunga, kwa kujihadhari na harufu au na sheria, sikuuliza. Nilivibeba vyote viwili mwenyewe hadi nyumbani, kama nilivyoahidi.

Dada wa Buffalo aliwasili kwa basi siku zile zile. Nilimsikia kabla ya kumwona, korido nzima ilimsikia. Nilijifungia ndani. Nilijua nilichomwambia kwenye simu, na mtu mkubwa haambiwi vile mbele ya mdogo wake. Nikakaa kimya nikimsikia anavyoosha vyombo, anavyofukuza watoto, anavyochemsha maji ya kumkanda mzazi. Sombe haikuja. Siku ya pili pia haikuja.

Siku ya tatu alibisha hodi yeye mwenyewe. Alikuwa mfupi kuliko alivyoonekana kwenye simu, amevaa kitenge na juu yake koti zito la baridi ya Buffalo, na mkononi ana jembe. Nilitazama jembe, nikatafakari maisha yangu.

"Twende," akasema. "Mukononi mwako njo alikupatia. Wewe utabeba."

Watu wa kanisa lao wana kiwanja cha bustani, wamekigawana vipande, na jirani yangu ana kipande chake cha lengalenga, mchicha wa kwao. Shemeji yangu, yaani mume wa jirani, maana nilishajipa undugu, alituendesha hadi hapo akabaki garini kama inavyopasa. Ardhi ilikuwa laini kwa mvua. Dada alichimba mwenyewe, hakukubali nimpokee jembe. Mimi nilishika chombo na mfuko, na nilikuwa nimekatazwa kuviweka chini. Alipomaliza tukaviteremsha pamoja, mimi upande huu, yeye upande ule, bila kuangaliana. Tukafukia. Akakanyaga udongo kwa miguu yake, akavua kofia ya koti.

"Mi nitaomba kwa Yesu," akasema. "Wewe omba kwako."

"Sawa, dada."

Aliomba kama anavyoongea, kwa sauti ya kusikika Louisville. Akamwombea mdogo wake, akamwombea mtoto, akawaombea maziwa yasikauke. Kisha akasita. Akanigeukia, macho wazi katikati ya sala.

"Ule mwenye alitoa damu yake. Jina lake nani?"

"Hana jina. Hawasemi."

"Nitamuombea namna gani, kama hana jina?"

Alikuna kichwa chini ya kitambaa, akafumba macho tena.

"Mungu," akasema, "na ule ndugu yetu asiyejulikana, mwenye aliacha damu yake ugenini, uichunge mahali iko. Na huyu ndugu yetu mwingine, mwenye kinywa kubwa, uchunge na kinywa yake, maana ingekuwa ndogo, leo ningekuwa nachimba shimo ingine."

Nilitaka kusema amina. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, mdomo ulikataa kufunguka.